Kitabu cha mazoezi ya ufahamu: majibu yake ndiyo hazina

Nilimnunulia binti yangu kitabu hiki, na kilichonivutia zaidi ni sehemu ya majibu. Kwenye swali la kuchagua dhamira kuu ya kifungu kati ya majibu A hadi D, hakiishii kusema B ndiyo sahihi. Kinaeleza kwa nini A, ingawa ni kweli na imo kwenye aya ya pili, haibebi habari nzima, na kwa nini D inadai makubwa kuliko aliyoyasema mwandishi. Hapo ndipo watahiniwa wengi hunaswa! Tena kinamtaka msomaji aandike dhamira kuu kwa sentensi yake mwenyewe kabla ya kutazama machaguo; zoezi hilo peke yake linatosha kukinunua. Binti sasa husaka wazo linalojirudia kila aya. Karatasi ni nyepesi, huchanika ukifuta. Mashairi nayo ni machache mno, yaongezwe.