Kisanduku cha taa cha sentimita 40: mpini utapendeza, bapa litakusumbua

Visanduku vyeupe vya plastiki vya kupigia picha za bidhaa, vya kukunja, vyenye mikanda ya taa za LED juu na mandhari za rangi za kubadilisha, ni kifaa ambacho muuza pete au shanga akinunua hajuti. Kwa anayeuza visu vilivyofuliwa kwa mkono hapa Lamu, habari ni nyingine. Tunachokipima hapa ni kile cha sentimita 40 kila upande: mikanda miwili ya taa, kitufe cha kupunguza mwanga, waya wa USB, tundu juu na mlango mbele. Hukumu yetu ni hii: mpini na ala vitatoka vizuri sana, bapa litatoka baya mpaka ukirekebishe kisanduku chenyewe. Marekebisho ni ya bei rahisi, ila ujue unarekebisha nini.

Ukubwa unatosha. Kisu cha jikoni chenye bapa la sentimita 20 na mpini wa 12 kinalala humo kwa mshazari na nafasi inabaki. Panga haliingii. Usivutwe na bei ya kile kidogo cha sentimita 25, maana ncha na kitako cha mpini vitakaribia kuta mno na mikunjo ya plastiki itaingia pichani.

Tatizo ni chuma. Bapa lililong'arishwa ni kioo, na kioo huonyesha kilicho mbele yake. Ndani ya kisanduku pande zote ni nyeupe, basi bapa zima linageuka jeupe. Ule mstari ambapo chuma kinaanza kupungua kuelekea makali, alioutolea jasho fundi kwa tupa na msasa, unapotea kabisa. Ukipiga kupitia tundu la juu, lenzi yako inajitokeza katikati ya bapa, doa jeusi. Na kwa kuwa taa zenyewe ni vitone vilivyopangwa mstari, zinajichora juu ya chuma kama shanga kwenye uzi. Mteja aliye Nairobi hataona kisu, ataona taa.

Dawa ya vitone ni bafta, kile kitambaa cheupe chepesi cha pamba. Kata kipande cha sentimita 45 kwa 45, ukitundike ndani kwa vibanio vya nguo, sentimita 8 hadi 10 chini ya taa. Bafta ikigusana na taa haisaidii kitu. Ni ule umbali unaovichanganya vitone viwe mwanga mmoja. Karatasi ya kuokea keki nayo inafaa, ila ikikunjamana mkunjo wake unaonekana kwenye bapa.

Dawa ya weupe ni manila nyeusi, yaani karatasi nene. Kata ukanda wa upana wa sentimita 5, mrefu kuliko kisu, usimamishe upande wa mgongo, nje kidogo ya picha. Usogeze taratibu huku unatazama skrini. Utafika mahali ambapo weusi wake unaingia kwenye bapa na kukomea kwenye ule mstari: upande mmoja mweupe, wa pili kijivu. Hapo umbo la bapa linajitokeza lote. Mstari uliopinda nao unajitokeza vilevile, kwa hiyo fundi ajiandae.

Lile tundu la juu liache. Pitia mlangoni, kamera ikiwa imeinama, kisha uinue mgongo wa kisu milimita 2 au 3 kwa sarafu au kidonge cha plastisini kilichofichwa chini yake. Mwanga hurudi kwa pembe ileile ulioijia, basi mwinuko mdogo namna hiyo unatosha kubadilisha kile ambacho bapa linakitazama. Fundi akilalamika kwamba kisu chake kimetoka cheusi pichani, mara nyingi ni pembe hiyo tu. Hana haja ya kuongeza taa.

Wapo wanaoshauri kuongeza kichujio cha polaraizi kwenye lenzi. Kwa mpini uliopakwa vanishi au mafuta kina maana: mng'aro unapungua na nyuzi za mti zinaonekana. Kwa chuma kitupu usitarajie mengi. Mng'aro wa metali haukatiki kwa kichujio hicho namna unavyokatika wa vanishi au wa maji. Pesa hiyo inunue bafta nyingine.

Umaliziaji wa chuma nao una mambo yake. Bapa lililomalizwa kwa msasa wa namba 400 au 600 lina mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Mwanga ukija kwa kuifuata, mikwaruzo inajificha. Ukija kwa kuikata, kila mmoja unaonekana, pamoja na ile ya msasa mkali zaidi wa 220 iliyobaki bila kutolewa. Anayetaka kuonyesha kazi safi apige kwa pande zote mbili. Bapa lililoachiwa weusi wa moto na alama za nyundo linataka kinyume cha kila tulichosema juu: zima mkanda mmoja, ondoa bafta, acha mwanga uje chini kutoka ubavuni ili kila shimo la nyundo liwe na kivuli. Kwa chuma cha damasko, chenye michoro iliyotolewa kwa asidi, rudisha bafta na uitafutie manila nafasi yake, maana mng'aro ukizidi unaufuta mchoro.

Kitufe cha kupunguza mwanga kina ila. Taa hizi hupunguzwa kwa kuwakawaka haraka, jicho halioni, kamera inaona: mistari ya giza inapita kwenye picha, hasa spidi ya kamera ikiwa juu. Acha taa kwenye mwanga kamili, upunguze kwenye kamera. Kuna sababu ya pili ya kufanya hivyo. Pawabanki nyingi hujizima zikiona kifaa kinachukua umeme kidogo, na taa zilizopunguzwa zinachukua kidogo kweli.

Kwa kamera, weka tripodi, ISO 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11 na kipima muda cha sekunde 2, ili kidole kisitikise kitu. Kwa simu, tumia lenzi ya mara mbili ukae nusu mita mbali. Lenzi ya kawaida ukiisogeza karibu itauvimbisha mpini ulio mbele na kuikondesha ncha, na kisu kilichosawazishwa vizuri kitaonekana kilema. Bonyeza na ushikilie kwenye bapa mpaka fokasi ijifunge, halafu vuta mwanga chini hadi weupe wa makali uache kuungua. Weupe wa rangi upimie kwenye karatasi nyeupe uliyoiweka pale kisu kitakapolala. Ukiiachia simu ijiamulie, mpini wa mbambakofi unatoka na rangi ya chai ya maziwa.

Mandhari za plastiki zinazokuja na kisanduku ni dhaifu. Nyeusi inang'aa na kila punje ya vumbi inaonekana. Ya rangi ya chungwa inapaka rangi yake kwenye chuma. Ubao mkavu usiopigwa msasa ni bora, au jiwe, au ngozi ya rangi moja. Na tafadhali, si kanga. Mtu atasoma jina la kanga asahau kisu.

Usafi ndio nusu ya kazi na hakuna kisanduku kinachokufanyia. Chuma cha springi ya gari, ambacho mafundi wengi wanafulia, kina kaboni nyingi na hakivumilii hewa ya chumvi ya Lamu: alama ya kidole iliyoachwa asubuhi inaweza kuwa kutu kesho yake. Futa bapa kwa spiriti na kitambaa cha pamba, shika kisu kwa mpini au kwa glavu, piga picha, kisha paka mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya nazi kabla ya picha hapana, yanaacha utando unaoonekana kama ukungu. Spiriti nayo isifike kwenye mpini uliopakwa sheleki, aina ya vanishi, kwani inaiyeyusha.

Sasa swali la haki: kisanduku kinashinda nini ambacho nyumba ya Lamu haina? Kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba ya zamani ya mawe, kilicho wazi juu na kuta zake za chokaa, ni kisanduku cha mwanga cha mita kadhaa. Kaa kwenye kivuli saa mbili hadi saa nne asubuhi, au tisa hadi kumi na moja, na bapa linapata mwanga mpana usio na kitone hata kimoja. Saa sita acha. Tuko karibu sana na ikweta na jua linashuka moja kwa moja hadi sakafuni. Chini ya makuti pia acha, chuma kinavaa ukahawia, na chini ya mwarobaini kinavaa ukijani. Manila nyeusi utaihitaji kulekule kiwandani, kwa kazi ileile. Upepo wa kusi utaipeperusha, basi ifungie kwenye matofali.

Kisanduku kinashinda usiku, siku za mvua, na pale unapotaka visu vingi vifanane pichani, kwa mfano orodha ya bei. Kinashinda pia kwa picha za karibu za mpini: ribiti, kiungo cha chuma na mti, mshono wa ala ya ngozi. Kiungo hicho kipigwe kila mara, kwa umbali ambao ufa wa unene wa karatasi ungeonekana, kwa kuwa mnunuzi anayejua visu ndipo anapotazama kwanza. Ongeza picha ya mgongo kutoka juu, ionyeshe unene unavyopungua kuelekea ncha, na moja yenye rula pembeni.

Basi, fundi anayeuza kisu kimoja kimoja kwa WhatsApp na ana kiwanda au baraza yenye kivuli, asinunue. Duka linalopiga picha za visu kila wiki, linunue cha sentimita 40 pamoja na mita moja ya bafta na manila mbili. Kikishatumika kikunjwe siku hiyohiyo na kuwekwa mahali pakavu. Sumaku za pembeni na kichwa cha waya wa USB ndivyo vinavyoshika kutu mwanzo, na waya huo kwa kawaida umeunganishwa moja kwa moja na mkanda wa taa, hivyo ukifa unaagiza mkanda mzima.