Uzoefu wangu: vifaranga wa kambale kutoka majaruba ya Kyela

Kambale walioko bwawani kwangu hapa Tukuyu sikuwanunua kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga. Wametoka Kyela, kwenye majaruba ya mpunga, kwa vijana wanaowakusanya maji ya masika yakianza kupungua. Nimenunua kwao misimu kadhaa. Nimewahi pia kununua kwa wauzaji wengine wanaovua mtoni, na tofauti niliyoiona ni kubwa, mwenye bwawa aijue kabla hajatoa hela yake.

Kambale hufuata mafuriko. Mvua za Aprili zikijaza mabonde ya Kyela, wakubwa wanatoka mitoni na kwenye vinamasi, wanaingia mashambani usiku na kutaga kwenye majani yaliyozama. Wiki chache baadaye bonde zima lina watoto wa kambale. Kisha maji yanarudi mtoni, wadogo wanabaki kwenye madimbwi, na dimbwi likikauka wote wanakufa au wanaliwa na ndege. Hao ndio wanaochotwa na vijana wangu. Samaki aliyekuwa afe kwenye tope anakuja kukua kwa mfugaji, na hilo peke yake linanifanya niwapende.

Lakini sifa yao kubwa ni kuchambua. Kila wanachochota wanakimwaga kwenye beseni jeupe, wanainama na kuangalia mmoja mmoja. Kifaranga wa kambale na kiluwiluwi wa chura wanafanana sana kwa mbali, wote weusi, vichwa vipana, mkia unachezacheza. Ukimsogelea kambale unaona sharubu, jozi nne, nyembamba kama uzi. Asiye na sharubu anarudishwa shambani. Wanaobaki wanatenganishwa kwa ukubwa na kuwekwa kwenye mashimo yaliyotandikwa turubai, wakubwa kivyao na wadogo kivyao. Hiyo si kazi ya kujionyesha. Kambale anamla mwenzake, na aliyemzidi kidogo tu anammeza mzima. Ukichanganya saizi bwawani, baada ya muda utakuwa na samaki wachache walionenepa na wengine huwaoni, halafu utamshuku mwizi bure.

Wale wa mtoni waliniletea mzigo wa namna nyingine kabisa. Ndani ya dumu kulikuwa na kambale, viluwiluwi, perege wadogo, na visamaki vyembamba vinavyong'aa kama fedha. Mzee mmoja mvuvi wa Matema alivitazama akasema, "Mwanangu, hawa ni watoto wa mbasa." Mbasa ni samaki wa Ziwa Nyasa anayepanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na kila mtu anayekaa kando ya ziwa anajua alivyopungua. Bwawani hana maisha, yeye ni wa maji yanayokwenda. Nilipouliza walivyovua nikaambiwa ni chandarua cha mbu, kimekingwa mtoni. Chandarua hakichagui, tena kukitumia kuvulia ni marufuku. Sikununua tena kwao, hata waliposhusha bei. Naomba na wengine tusinunue, maana wanakinga kwa sababu sisi tunalipa.

Pwani hali ni tofauti kidogo, na inasaidia kuelewa ya kwetu. Wafugaji wa mwatiko wa Mtwara, Lindi na Tanga wanategemea sana watoto wa samaki waliovuliwa baharini, kwa kuwa mwatiko hazai kwenye bwawa la kawaida. Anataga baharini, watoto wanakuja ufukweni wakiwa kama vipande vya kioo vyenye macho, na wakusanyaji wanawasubiri wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana. Kamba nao wanaingia mikokoni na maji yanapojaa, mwenye bwawa anafungua lango, wanaingia wenyewe. Huku kwetu tuna nafasi ya kuchagua. Perege anazaa bwawani mpaka anakuwa kero, kwa hiyo kumchota mtoni ni kazi bure, mchukue kituoni, kama Ruhila pale Songea, au kwa mfugaji unayemwamini. Kambale ndiye mgumu kuzaa bwawani bila kuchomwa homoni, ndiyo maana msimu huu wa Kyela una thamani.

Tatizo la huduma hii ni wakati. Vifaranga wanapatikana kwa wingi Mei kuelekea Juni, na hapo ndipo baridi ya huku kwetu Rungwe inapoanza kuuma. Kyela iko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, Tukuyu ni kama 1,500. Ukimtoa samaki kwenye maji ya uvuguvugu ukamtumbukiza kwenye bwawa la huku mwezi wa saba, anagoma kula na wengi wanakufa. Vijana wangu wanakubali kuwalea kule chini mpaka baridi ipungue, unachangia pumba na dagaa wa kusaga. Bei inapanda, ndiyo, lakini hata hivyo inabaki chini kuliko ya kituo, na anayefika ni samaki wa kidole kizima.

Ukubwa huo una maana barabarani. Kambale aliyekomaa kidogo anapumua hewa ya juu, anasafiri kwenye dumu lenye maji machache na matundu kifunikoni, ndani ya Coaster, bila wasiwasi. Mchanga kabisa bado anategemea mashavu yake tu na anahitaji mfuko wenye oksijeni. Niliwahi kung'ang'ania wadogo kwa sababu ya bei, kijana akanikatalia wazi: "Mama, hao usichukue, watakufia njiani, Ushirika hapo, hujafika hata nyumbani." Muuzaji anayekataa hela yako kwa ajili ya samaki wako, huyo mshike.

Mkifika, msiwamwage. Mimi naongeza maji ya bwawa kwenye dumu kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, mpaka mkono wangu usihisi tofauti ya dumu na bwawa. Kisha nalilaza dumu majini, watoke wenyewe.

Kwa walio Makete na Njombe, sitawashauri kambale hawa, maji yenu ni baridi mno kwao. Na ndugu zangu wa Mbarali, chukueni wa kwenu. Usangu ina kambale wa kutosha, na maji yake yanakwenda Ruaha Mkuu hadi Rufiji, hayakutani na ya Nyasa. Mzigo wa porini, hata uchambuliwe vipi, unaweza kubeba samaki asiye wa mto huo, na akishaingia hakuna wa kumtoa.