HiAce au Noah? Niliyoyaona kwa kubeba watu na unga

HiAce na Noah ni gari za Toyota za kubeba abiria. Kabla hujauliza enjini ni ya lita ngapi, tazama kwanza mlango wa kusukuma uko upande gani. Hapa Lubumbashi, Kongo, tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini gari nyingi zinatufikia kutoka Japani na usukani wa kulia. HiAce nyingi za huko zina mlango mmoja tu wa abiria, wa kushoto. Kwa hiyo mteja anashukia katikati ya barabara, pikipiki zikimpita puani. Ukivuka Zambia wanakoendesha kushoto, mlango huohuo unakaa mahali pake, ila safari zangu zinaishia Kasumbalesa, mpakani.

Kazi yenyewe ni hii: asubuhi nawapeleka akina mama wa biashara mpakani, kilomita 90 hivi, na jioni tunarudi na unga wa mahindi, mafuta ya kupikia na sabuni. Jumapili nabeba kwaya, au watu wa msiba.

Nilianza na Noah. Za kuanzia 2001 zina milango ya kusukuma pande zote mbili, na abiria anakaa kama yuko sebuleni kwake. Shida ni mzigo. Noah ya kawaida inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukijaza magunia nyuma, pua inainuka na matairi ya mbele yanakuwa mepesi. Njoo na mzigo huo Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, wakati wa mvua, kwenye udongo ule mwekundu, uone yanavyozunguka bure.

HiAce inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na springi zake za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gunia linapoongezeka, tairi linazidi kushika ardhi. Ikiwa tupu, jiandae kurushwa kila shimo. Enjini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo joto linapanda moja kwa moja: mama anayekaa mbele hukunja kitenge mara mbili, akakikalia.

Nilitafuta yenye milango miwili ya kusukuma. Zipo, ila bei inapanda. Nilichukua fupi, ya mita 4.7, kwa sababu ile ndefu ya karibu mita 5.4 inanisumbua kugeuza ndani ya mitaa. Nyuma ya kiti cha mwisho nilichomelewa nondo, maana ukifunga breki ghafla gunia halina adabu, linakuja mgongoni mwa mtu.

Kuhusu mafuta, enjini za mazutu (dizeli) za aina ya KD zina nguvu na hazili sana, lakini injekta zake, zinazonyunyizia mafuta ndani ya enjini, hazipendi uchafu, na mazutu ya Kadhafi, yaani muuza mafuta wa kando ya njia, unajua mwenyewe yalivyo. Mimi nina ya esansi (petroli), enjini ya 2TR ya lita 2.7, inayotumia cheni badala ya mkanda wa kubadilisha. Inakunywa, hilo sibishi. Nauli ya Kasumbalesa ndiyo inayolipia.