Skrini ya kujikunja yenye mota ukumbini kwetu, uzoefu wangu

Mi nasimamia ukumbi unaotumika kwa kila kitu, leo igizo, kesho ngoma, kesho kutwa semina, afu wikiendi watu wanataka kuangalia filamu, kwa hiyo skrini ya kudumu ilikuwa haiwezekani maana inakula jukwaa lote. Tukachukua ya kushuka na kupanda kwa mota.

Ya kwanza tuliyofunga ilikuwa kitambaa kitupu chenye bomba zito huku chini. Wiki za mwanzo safi kabisa nikawa naisifia kwa kila mtu, baada ya muda pembeni zikaanza kujikunja kwa ndani na katikati yakatokea mawimbi kama herufi V. Siku moja kwenye filamu kamera imesogea karibu na uso wa mama mmoja analia, nikaona shavu lake limepinda, na yale maandishi ya tafsiri chini yanapanda na kushuka. Ukiwasha AC ndo balaa, picha nzima inapumua. Iliniuma sana kwa kweli, watu wamelipa kiingilio.

Ikabidi tubadilishe tuweke yenye kamba nyembamba pembeni zinazovuta kitambaa kiwe kimekaza muda wote. Ni ghali zaidi na boksi lake la juu, lile kitambaa kinamojikunja, ni zito zaidi ila tofauti unaiona palepale, bapa kama ukuta. Kama skrini yako ni kubwa na ukumbi una upepo wa AC usihangaike na ile nyingine, nakwambia kwa moyo mmoja.

Saizi tulipiga hivi: umbali wa kiti cha mwisho gawa kwa 6 unapata kimo cha picha. Kiti chetu cha mwisho kiko mita 17 hivi, ikaja kama mita 2.8, na kwa picha ya 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) upana unakuwa mita 5. Halafu dari letu liko juu sana, kwa hiyo omba kitambaa cheusi kirefu cha juu kabla ya sehemu nyeupe, bila hicho picha inaishia huko juu na watu wa mbele wanaumia shingo. Rangi chukua nyeupe isiyong'aa, waliokaa pembeni nao waone vizuri.

Kwenye kufunga hapa nisikilize kwa makini. Fundi wa kwanza alitaka kulifunga boksi kwenye siling bodi, nikakataa katakata, kitu kizito kile juu ya vichwa vya wasanii! Tukaning'iniza kwenye kenchi za chuma na kila upande ukawekewa waya wa chuma wa akiba, hata kishikizo kikiachia boksi halidondoki. Pia pima nafasi kati ya pazia na bomba la taa kabla hujatoboa chochote, sisi ilibaki kidogo tu kitambaa kiguse taa, na taa za jukwaani zinachoma.

Wakati wa kuseti inapoishia juu na chini tuliipandisha na kuishusha mara nyingi mfululizo mpaka mota ikazima kabisa, kimya, moyo ukanipasuka nikajua imeungua. Kumbe zina kinga ya joto, zimetengenezwa kufanya kazi dakika chache tu afu zipumzike, tulisubiri kama nusu saa ikaamka yenyewe.

Rimoti inatosha kwa nyumbani, kwa ukumbi hapana. Kwenye mazoezi mtu aliikuta mezani akabonyeza, skrini ikashukia kiti cha igizo, bahati kitambaa hakikuchanika na kiti hakikuwa na mtu. Sa hivi tuna swichi ya ukutani ndani ya kisanduku chenye kufuli, karibu na jukwaa ili anayeshusha aone chini kuna nani, ufunguo ninao mimi na mtu wa taa tu.