Pampu ya sampu ya besimenti: ipi ununue kama tenki lako la samaki liko sebuleni juu

Pampu yangu ya kwanza niliinunua kwa kusoma boksi, lita 6,000 kwa saa kwa maandishi makubwa, nikasema hii hii, tenki lenyewe la samaki wa maji ya chumvi ni galoni 75 tu, kama lita 284, samaki watadhani wako mto Rufiji. Nikaizamisha kwenye sampu, lile tenki la pili la kuchujia ambalo maji hushukia na pampu kuyarudisha juu, kule besimenti chini ya nyumba, nikachomeka, nikapanda ngazi mbio kwenda kuona. Kimya. Nyuma ya tenki nilimalizia na hosi ya kuonea, maji unayaona kabisa yamesimama futi moja chini ya ukingo, yanatetemeka tu na hayapandi. Nikashuka kusoma maandishi madogo: kimo cha mwisho, yaani juu kabisa inapoweza kupandisha maji, futi 11. Mi nahitaji 12, hapo bado elbo.

Kwa hiyo kabla hatujaulizana pampu gani, chukua futikamba. Pima kuanzia uso wa maji ya sampu, sio sakafu ya besimenti, mpaka pale maji yanapomwagika juu. Nyumba nyingi huku Ohio besimenti ina futi kama 8, toa moja na nusu ya maji ya sampu, ongeza moja ya boriti na sakafu, stendi mbili na nusu, tenki karibu 2, unaangukia 12. Elbo na msuguano wa bomba wape 2 zao, inakuwa 14, mita 4 na kitu. Afu tafuta kwenye karatasi ya pampu ule mchoro wa mstari unaoshuka, uone kwenye futi 14 inatoa ngapi. Kwa tenki kama langu galoni 300 kwa saa zikifika juu zinatosha kabisa, hayo maelfu ya kwenye boksi ni kwenye futi sifuri. Pampu isiyo na mchoro huo achana nayo hata kama ni nusu bei.

Namba moja kwangu ni pampu ya nje ya sumaku, ya presha, kama Iwaki za Kijapani au Pan World. Haizamishwi, inakaa pembeni ya sampu, shafti ya mota haigusi maji kwa hiyo hakuna sili ya kuja kuvuja mbele ya safari, na joto la mota linaishia hewani. Kelele zipo lakini ziko besimenti, ndo maana tumehamia huko. Ubaya wake haivuti maji yenyewe, lazima ikae chini ya usawa wa maji, yaani sampu itobolewe na ufunge tenki konekta kama ile ya simtanki nyumbani. Na ukitaka kupunguza maji banea upande wa kutolea, usibane upande wa kuingilia utaiua. Halafu uangalie vizuri namba ya modeli, kampuni ile ile inauza ya presha, inayopandisha maji juu, na ya mtiririko, inayotoa maji mengi ila hayapandi mbali, kwa sura ni mapacha, ukichukua ya mtiririko umeingia mkenge kama mimi.

Namba mbili pampu za DC (umeme mnyoofu) za kurekebisha spidi, mfano Vectra za EcoTech, ila zile kubwa. Zinakula umeme kidogo na hapa hesabu ni muhimu kuliko bei ya dukani: pampu ya wati 150 ikikaa masaa 24 inamaliza yuniti 1,314 kwa mwaka, kwa senti 15 yuniti moja hiyo ni karibu dola 197, ya wati 60 ni kama dola 79. Kama umeme kwenu ghali basi kwako hii ndo namba moja, sibishani. Tatizo ni kile kiboksi chake cha kuongozea, kitundike mbali na juu, mvuke wa maji ya chumvi haukiachi salama.

Namba tatu za kuzamisha za kawaida, Mag-Drive na jamaa zake, imara na rahisi kufungua kusafisha, ila zinapasha maji, wakati wa baridi ni baraka, Julai utalalamika. Pampu ya swimming pool hata ukipewa bure na jirani kataa, ya hospawa moja ni karibu wati 750 usiku na mchana, bado chuma kinagusana na chumvi.

Mabomba sitaki kukaa sana, PVC nyeupe ya Schedule 40 (unene wa kawaida) inatosha, pandisha saizi moja juu ya tundu la pampu, yunioni mbili (viungio vya kufungua kwa mkono) karibu na pampu, na kona tumia elbo mbili za digrii 45 badala ya moja ya 90. Mabomba ya kushusha maji kwenda sampu weka mawili ya inchi moja na nusu, moja lijae maji na lifungwe getivalvu chini, valvu ya kuzungusha mara nyingi, ambayo unairekebisha taratibu mpaka linyamaze, lingine kavu la dharura. Koki ya robo mzunguko hapo itakusumbua. Sakafuni toboa katikati ya boriti mbili, plaiwudi tu, ukishaangalia kwa chini hakuna waya wala njia ya hita.

Sasa umeme ukikatika. Maji yatarudi chini yote yaliyo juu ya mdomo wa bomba la kurudishia, lile linalotoka kwenye pampu kwenda tenkini, na chekivalvu, valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, usiitegemee, konokono mmoja tu anaizuia isifunge. Inchi moja ya maji kwenye tenki la galoni 75 ni lita kama 14, mabomba yanaongeza 6 au 7, kwa hiyo sampu iwe na nafasi ya lita 40 tupu. Toboa katundu kadogo kwenye bomba la kurudishia chini kidogo tu ya uso wa maji ili livute hewa mapema na maji yaache kurudi.

Ukishafunga washa, acha itulie, afu chomoa makusudi ukiwa umesimama besimenti, subiri maji yaache kushuka, piga mstari na makapeni. Wangu uko vidole vinne chini ya ukingo na shemeji yenu mpaka leo umeme ukikatika anashuka na tochi kuuangalia.