Hotuba ya Elie Wiesel kuhusu kutojali: inawafaa wanamdahalo wa Mbeya na Iringa?

Inawafaa sana, na haina gharama. Wiesel, mwandishi Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, aliitoa Ikulu ya Marekani tarehe 12 Aprili 1999, mbele ya Rais Clinton. Ina takriban dakika 20, na mtandaoni ipo kwa sauti na kwa maandishi. Mwalimu aanze na maandishi: sauti ya Wiesel ni ya chini, lafudhi ni ngumu kwa kidato cha pili, na mvua ya Tukuyu ikipiga bati, spika ya simu haisikiki kabisa.

Utajiri wake uko mwanzoni. Wiesel anamtaja mvulana wa Kiyahudi aliyeamka Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, miaka 54 kabla ya hotuba hiyo, akiwa huru lakini hana furaha. Anamwita "yeye", halafu ghafla anasema "mimi", na ukumbi unatambua mvulana huyo ndiye mzee aliyesimama mbele yao. Isomeni aya hiyo darasani bila kutaja jina, mkomee kabla ya "mimi", kisha ulizeni msimulizi ni nani.

Baada ya hapo yanakuja maswali ya balagha, na hapa ndipo wanafunzi wetu huharibu. Wanarusha maswali sita mfululizo, hakuna linalojibiwa, msikilizaji anachoka. Wiesel anauliza kama kutojali kunaweza kuwa jambo jema, anakiri kwamba kunashawishi kwa sababu kunatupunguzia usumbufu, ndipo anashambulia kutojali huko. Kule kukiri ndiko kunakofungua masikio. Maswali mawili au matatu yanatosha, na kila moja lipewe jibu.

Ujasiri mkubwa wa Wiesel uko pale anapomtaja Roosevelt, rais wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Akiwa ndani ya Ikulu ileile, anamsifu kwanza kama kiongozi mkuu, kisha anamlaumu kwa kuiacha meli ya St. Louis, iliyobeba wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, irudishwe mwaka 1939. Mpangilio huo, sifa kisha lawama, unafaa kila mdahalo wenye mgeni rasmi. Ila mwalimu aongeze historia hapa: kati ya abiria 937, wengi walipokelewa Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, na 254 waliuawa baadaye katika mauaji ya Wayahudi. Anayesikiliza hotuba peke yake atadhani wote walirudi Ujerumani.

Sehemu dhaifu kwa darasa letu ni orodha ya viongozi waliouawa na nchi zilizomwaga damu. Rwanda wanaifahamu, mengine yanapita tu. Irukeni.

Kwa zoezi, mpeni kila mwanafunzi dakika tatu juu ya wapita njia wanaopiga picha majeruhi wa ajali ya lori kwenye mteremko wa Iwambi badala ya kuwasaidia. Aanze na mtu mmoja kwa nafsi ya tatu, sentensi zisizozidi nne, na asitumie neno "kutojali" kabla ya dakika ya pili. Wengi hulitaja sentensi ya kwanza, na hapo hotuba inageuka mahubiri.