Ukumbi wa kijiji Suffolk: birika limekufa kwa chokaa, lawama tumebebeshwa sisi

Natoa nyota moja. Naandika hasira ikiwa bado mbichi, mnivumilie.

Jina la ukumbi silitaji. Ni wa kijiji kidogo upande wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza, na unaendeshwa na kamati ya wanakijiji wanaojitolea, kama zilivyo kumbi nyingi za vijijini huku. Tuliukodi kwa hitima ya watu kama themanini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ikafika chai. Birika kubwa la umeme la jikoni mle, lile refu la lita 20 lenye bomba kwa chini, lilizima kabla maji hayajachemka na halikuwaka tena. Jioni mwenye funguo akaja kukagua. Akalitazama kwa nje, akasema, "Mmechemsha maziwa humu." Swali hakuuliza, kifuniko hakufunua. Siku chache baadaye tukarudishiwa paundi 40 tu katika amana ya paundi 100.

Wallahi hakuna tone la maziwa lililoingia mle. Maziwa yalipashwa kwenye sufuria, juu ya jiko, upande wa pili wa chumba cha jikoni.

Kilichoua birika ni maji yenyewe, na mtu anayeishi pale angepaswa kujua kabla yetu. Maji ya Suffolk ni magumu. Yanatoka kwenye mwamba wa chokaa, na kila yanapochemka yanaacha ukoko. Ukoko ukishaganda juu ya koili inayochemsha maji, joto halipiti vizuri kwenda kwenye maji. Koili inapata moto kupita kiasi hata kama birika limejaa, na kidhibiti kilichoko chini ya kitako kinafanya kazi yake kana kwamba maji yamekauka: kinakata umeme. Maziwa yakiungulia juu ya koili huleta matokeo hayohayo, hilo sibishi. Lakini alama zake ni tofauti kabisa. Maziwa huacha gamba la kahawia linalonuka kuungua. Chokaa huwa nyeupe au kijivu, kavu, na ukiikwangua kwa kijiko inabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Sisi tulifunua. Ndani palikuwa peupe pe, na kuna kipande kilichobanduka kina unene wa sarafu. Ukoko wa namna hiyo haujengeki kwa alasiri moja. Picha tunazo.

Likiwazimikia, msihangaike na swichi ya mbele. Chomoeni plagi, mwageni maji, liacheni lipoe nusu saa hivi, kwa sababu kidhibiti kikiwa bado cha moto kitufe hakishiki. Kisha lipindueni. Mengi yana kitufe kidogo chini ya kitako, mara nyingi chekundu. Bonyezeni kwa ncha ya kalamu mpaka msikie "tik". Likiwaka, mtapata chai ya siku hiyo, ila litazima tena msipoondoa chokaa. Dawa yake ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali kama ndimu: vijiko vya chakula vitatu kwa lita 5 za maji, au maji yoyote yanayoifunika koili yote. Chemsheni, zimeni, acheni nusu saa, mwageni, suuzeni mara mbili. Siki nyeupe nayo inafaa, ingawa harufu yake haitoki upesi. Ukumbi unaotumika kila wiki kwa maji kama yale unahitaji kazi hiyo kila mwezi. Ni kazi ya saa moja! Na kamati ina orodha ya kanuni kurasa nne ukutani, hadi namna ya kupanga viti, lakini hakuna hata mstari mmoja kuhusu chokaa.

Nitasema na hili, haki itendeke. Wapo wenzetu wanaomimina maziwa, majani, sukari na iliki moja kwa moja kwenye mabirika haya, na wanayaharibu. Sukari inashika kwenye koili, bomba linaziba kwa majani, na anayekuja nyuma yao anakuta uvundo. Kwa hiyo kushukiwa si ajabu. Chai ya maziwa ipikwe sufuriani. Birika hili ni la maji matupu.

Tena ukumbi wenyewe, nikitulia, ni mzuri. Sakafu ya mbao imetunzwa, choo cha wenye ulemavu kinafanya kazi, meza za kukunja zinatosha, maegesho yapo. Gari la posta husimama hapo nje kwa saa chache, na siku za uchaguzi watu hupigia kura humo humo. Kibanda chekundu cha simu mlangoni sasa kina mashine ya kushtua moyo: unapiga 999, wanakupa namba ya kufungulia. Kijiji hakina duka, basi ni la nadra, kwa hiyo ukumbi huo ndio sebule ya wote. Kwa hayo nyota moja ni uonevu. Andikeni tatu.

Umeme wa jikoni ndio wa kuangalia. Birika lile linakula kilowati 3, yaani ampea 13, kipimo chote cha plagi moja ya Uingereza. Msilichomeke kwenye ekstensheni, na msiweke jagi la umeme kwenye soketi pacha yake. Jagi nalo ni kilowati 3. Saketi ya soketi kwa kawaida ina breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 32, takriban kilowati 7, kwa hiyo birika, jagi na hita ya kuchomeka vikiwaka pamoja breka inaanguka. Liwasheni mapema: lita 20 za maji baridi huchukua kama dakika 40, kisha mnapata vikombe 100 hivi. Pilau njooni nayo imeshaiva, sufuria kubwa haikai kwenye jiko lile la nyumbani. Ifungeni vizuri, maana kanuni za Uingereza zinataka chakula cha moto kinachowekwa kwa kugawa kibaki nyuzi 63 au zaidi.

Lakini nikiukumbuka ule mkono wa mwenye funguo ukituonyesha birika, na wazee wetu wamekaa pale wanasikia, tatu nazirudisha. Mzee wa watu, kutazama ndani kungemchukua sekunde tano.

Yakiwakuta, pigeni picha ya ndani ya birika kabla ya kuligusa na nyingine baada ya kuliosha. Msibishane na mwenye funguo mlangoni. Mwandikieni katibu wa kamati, ombeni maelezo ya kila paundi iliyokatwa, na risiti ya fundi au ya birika jipya. Halmashauri ya kijiji si mahali pa kuanzia. Kumbi nyingi ni jumuiya za hisani zenye wadhamini wake, na zilizosajiliwa majina ya wadhamini yamo kwenye daftari la wazi la Tume ya Hisani, inayosimamia jumuiya hizo. Katibu ametujibu kwa adabu. Amesema birika halijapelekwa kwa fundi yeyote, na kwamba suala litafika kikao kijacho.

Haya, mbili na nusu. Paundi 60 zikirudi pamoja na neno la kuomba radhi, nitaandika nne, kwa sababu maili kumi kuzunguka pale hatujapata ukumbi mwingine unaobeba watu themanini kwa bei ile. Tarehe ya Idi tumeshaiweka. Safari hii tunabeba birika letu.